Mtoto wa Kuazima

Nyinyi mabinti mnaokuja kukaa kwenye benchi langu hapa Kingi, mkiniuliza mtu anaingiaje katika kazi ya utafiti, nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Naandika mara moja. Anayetaka kusoma asome. Anayetaka kukasirika, akasirike. Mimi nimekasirika miaka mingi na bado napika.

Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na mmoja. Niliingia na diploma ya Leta, yaani ya Serikali, ile ya mwisho wa sekondari, nikatoka na ile ile, pamoja na watoto watatu na goti ambalo pikipiki za njia ya Mubi zilimaliza. Nimestaafu, ndiyo. Msicheke. Mvi sina, lakini mtu anastaafu siku mwili wake unapokataa.

Kwa asiyeijua, kazi yenyewe ni hii. Mradi unataka kujua watu wanakula nini, wamekimbia vita mara ngapi, watoto wao wamechanjwa ao hapana. Wakubwa wanaandika maswali mjini. Sisi tunayabeba hadi Masisi ndani, hadi Walikale msituni, tunaingia nyumba kwa nyumba, tunauliza, tunaandika, tunarudisha karatasi. Jina lenu halitatokea kwenye ripoti. Hilo mlijue kabla hamjanunua viatu.

Aliyenifundisha kila kitu ni Papa Deo, shefu wa timu yetu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mwandiko mzuri kama wa sista. Alinifundisha kukaa chini kuliko yule ninayemuuliza: akikaa kwenye kiti, wewe kaa kwenye gogo; akikaa kwenye gogo, wewe kaa kwenye mkeka. Alinifundisha kutumia penseli, kwa sababu wino na mvua ya Walikale havijawahi kupatana. Alinifundisha kwamba mama hajui tarehe ambayo mtoto wake alizaliwa lakini anajua alikuwa anakimbia wapi. Basi unamuuliza: mlipokimbia ile mara ya kwanza, huyu alikuwa tumboni, mgongoni, ao alikuwa anatembea mwenyewe? Mliporudi, maharage yalikuwa shambani ao gunia lilikuwa tupu? Ukiuliza hivyo unapata mwezi, na mara nyingi unapata hata juma. Daktari wa mjini hawezi.

Makosa nilifanya mengi. Nyumba yangu ya tatu kabisa, nilimuuliza mama mmoja mbele ya mama mkwe wake: "Katika nyumba hii, nani anaamua?" Swali lilikuwa kwenye fomu, mimi nikalisoma kama lilivyo. Wote wawili walijibu "Mimi" kwa pamoja, halafu wakageukiana. Nilikaa pale saa nzima na penseli yangu hewani. Mwenye nyumba alikuwa pembeni anachonga mpini wa jembe. Alipoona nateseka alisema polepole, "Dada, andika mbuzi." Papa Deo aliposikia alicheka hadi akatoa leso. Halafu akaniambia swali hilo linaulizwa shambani, kila mmoja kwenye mstari wake.

Nawaambia haya ili mjue kwamba mtu huyo nilimpenda kama baba. Yanayofuata hayakuletwa na mtu mbaya.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Asifiwe, mume wangu alikuwa anafundisha shule ya msingi hapa Kingi, darasa la wanafunzi sabini chini ya turubai. Kila mtu aliniambia nimwachie mtoto bibi yake. Bibi yupi? Mama yangu alikuwa amekimbilia upande mmoja, mama mkwe upande mwingine, na kila mmoja alikuwa analala kwa watu. Vita hivi, kabla havijachukua kitu kingine, vinachukua bibi. Wale wanaokuja kutufanyia semina kuhusu mama kupatanisha kazi na nyumba, sijawahi kusikia wakitaja hilo. Wanachora mizani ubaoni. Upande huu kazi, upande huu mtoto. Mimi nilikuwa na upande mmoja tu, nao ulikuwa mgongo wangu.

Kwa hiyo Asifiwe alipofika miezi mitatu nilirudi kazini naye. Mkataba wa mradi ulikuwa na mstari unaosema ni marufuku mtoto kupanda gari la kazi. Nilitia sahihi. Papa Deo alisoma mstari ule, akanitazama, akasema, "Gari haifiki kule tunaenda. Pikipiki hawakuiandika." Nilimshukuru. Mtu aliyeona mstari ule na kuona nafasi kando yake, mimi nilimwona mwerevu.

Juma la kwanza tulifika kwenye barieri moja, miti miwili imelazwa njiani, vijana wenye bunduki wamekaa juu ya magunia. Wenzangu wanaume walishushwa, mabegi yakamwagwa, karatasi zikasomwa zimegeuzwa juu chini. Mimi niliulizwa swali moja tu.

"Mama, mutoto iko na homa?"

"Hapana, iko na njaa."

"Pita, umunyonyeshe kule mbele."

Nilipita. Nilingoja wenzangu chini ya mgomba hadi Asifiwe akalala na akaamka tena. Siku ile nilimaliza nyumba nane peke yangu, wao walimaliza mbili. Vijijini ilikuwa hivyo hivyo. Mwanamume mwenye karatasi anaonekana mpelelezi. Msichana mwenye karatasi anaonekana anatafuta mume. Mama mwenye mtoto mgongoni anaambiwa "karibu", anapewa kigoda, na mtoto wake anapewa kidole cha ndizi. Kabla hujauliza swali la kwanza, mwenye nyumba ameshakuuliza kumi: anaharisha? Meno yametoka? Unamupa nini? Na aliyekuuliza kumi hawezi kukunyima moja.

Papa Deo alihesabu hayo yote kichwani. Tangu siku ile vijiji vigumu vyote vikawa vyangu. "Mama Asifiwe ataenda," anasema, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mimi nilijivunia. Sitawadanganya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa wa kwanza kumaliza kila juma, na nilisikia kwamba msimu ujao watatafuta msimamizi, na kwamba safari hii anaweza kuwa mwanamke.

Mbinu zangu za wakati ule mzichukue, hazina kosa. Fomu ilikuwa na kurasa tisa. Titi la kushoto linatosha kurasa nne. Unaandika kwa mkono wa kulia. Ukurasa wa tano ni wa chanjo, mama anaingia ndani kutafuta kadi, hapo unabadilisha upande. Nepi zilizofuliwa funga kwenye mizigo ya pikipiki, upepo utakausha, ila usifunge karibu na ekzosi. Mtoto akilia katikati ya swali la vifo, usimnyamazishe haraka. Mwache alie. Mwenye nyumba naye atalia kidogo akisingizia mtoto. Miaka ya baadaye, katika mradi mwingine, karatasi ziliisha, wakatuletea simu za kugusa, na hapo mtoto wangu wa pili alijibu maswali manne kwa kidole chake mwenyewe: nyumba ile ikawa na ng'ombe mia moja kumi na mmoja. Karatasi ilikuwa na heshima. Mtoto anaitafuna, lakini haandiki.

Sasa niwaambie la Ntoto, huko Walikale.

Tulikuwa tumefikia Ntoto, katika vyumba vya nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mkatoliki wa kufunga duka wakati wa misa. Tulibaki watatu: Papa Deo, mimi, na Furaha, dada mmoja mchangamfu, mwerevu, ambaye hakuwa na mume wala mtoto. Asifiwe alikuwa na miezi tisa. Vijiji vyote vilikuwa vimekwisha isipokuwa kimoja, ng'ambo ya mto, saa tatu kwa miguu. Kijiji kile kilikuwa kimefukuza wanaume wa timu iliyotutangulia kwa kuwaambia kwamba mara ya mwisho wageni walipoandika majina, waliofuata ni wenye bunduki. Zilibaki nyumba sita. Gari la kuturudisha lilikuwa linakuja kesho kutwa Mubi.

Asubuhi ile niliamka na malaria. Meno yalikuwa yanagongana. Nilisimama nikakaa. Papa Deo alikuja mlangoni na kikombe cha chai, akanipa, akakaa juu ya gunia la chumvi.

"Furaha atakwenda," alisema.

"Aende."

"Peke yake watamurudisha. Unabajua."

Nilikuwa nimeshaona anakoelekea.

"Mutoto anakula bui," alisema. Bui ni uji. "Saa nane banarudi. Furaha anamujua, mutoto anamujua. Ni nyumba sita tu, Mama Asifiwe."

Furaha alikuwa amesimama nyuma yake. Alisema, "Yaya, kama hautaki, sema." Yaya ni dada mkubwa. Aliniachia mlango wazi kabisa.

Na mimi nilisema: "Mumufunike kichwa, jua lisimupige."

Hakuna aliyenilazimisha. Nimesikia wenzangu wakisimulia habari hii wakisema shefu alininyang'anya mtoto nikiwa na homa. Si kweli. Nilikuwa na homa na nilikuwa na akili. Nilifikiria nyumba sita, nikafikiria nafasi ya msimamizi, nikamfunga mtoto wangu mgongoni kwa Furaha kwa mikono yangu, kitenge changu mwenyewe, na nikakaza fundo.

Saa nane hawakurudi. Saa tisa tulisikia milio ya risasi upande wa mto. Si mingi. Ilikuwa kama mtu anayepasua kuni kavu, anapumzika, anaendelea. Kabla ya giza watu wa kwanza walipita na magodoro yao, wakasema njia imefungwa, hakuna anayevuka.

Kesho yake maziwa yalinijaa hadi nikashindwa kushusha mikono. Nilikamua kwenye kikombe kile kile cha chai nikamwaga nje, nikakamua tena. Papa Deo alikuwa anajaribu simu kila mahali penye kilima, aombe gari la Mubi litungoje.

"Tulia, Mama Asifiwe. Furaha iko mutu wa akili."

"Akili yake haina maziwa," nilimwambia.

Siku ya tatu homa ilipungua, nikaondoka bila kumuaga mtu. Nilitembea saa moja na nusu. Kwenye barieri ya njia ya mto, niliyokuwa nimeipita na Asifiwe juma lililopita, walikuwa vijana wale wale wa barieri ya kwanza, yule wa "umunyonyeshe kule mbele" akiwa amekaa na mguu juu ya mti.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kuchukua mutoto wangu, ng'ambo."

Alinitazama sana. Halafu alimwita mwenzake, wakanitazama wote wawili.

"Weye ulipita hapa juma lililopita na mutoto."

"Ndiyo."

"Juzi dada mwingine akapita na mutoto ule ule. Nilimujua kwa kofia." Alishusha mguu. "Huyu mutoto iko na bamama ngapi?"

Hebu fikirini, na mimi ndiye niliyekuwa nalipwa kuuliza maswali.

"Bale batu banatumia mutoto kama karatasi ya njia," alimwambia mwenzake. "Ni bapelelezi."

Blauzi yangu ilikuwa imelowa mbele, duara mbili. Nilishusha kitenge nikamwonyesha. Si kwa ujanja. Sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha. Aligeuza uso. Alikuwa na umri wa mdogo wangu.

"Rudia, mama," alisema akiangalia miti. "Minasema rudia. Nikikuacha upite, bale ba mbele hawatauliza."

Nilirudi. Njia nzima nilikuwa natembea na mikono imekunjwa kifuani ili watu wasione nguo.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, walikuja. Wa kwanza kutokea kwenye kona ya duka alikuwa Furaha, uso umevimba upande mmoja. Nyuma yake alikuwa mama mmoja wa makamo, mfupi, na panga dogo la shamba kiunoni, na Asifiwe mgongoni mwake amelala. Kitenge hakikuwa changu.

Papa Deo alitoka mbio. Neno lake la kwanza, nililisikia kwa masikio haya, lilikuwa: "Na fomu?"

Furaha alimpa mfuko wa plastiki. Halafu akakaa chini palepale akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi kama alivyosema.

Walifika salama. Walipokelewa vizuri sana kwa sababu ya mtoto. Furaha aliwaambia kwamba ni wake, maana njo ilikuwa kazi ya mtoto yule; njo kwetu ni ndiyo. Nyumba sita zote zilijibu. Walimwambia mambo ambayo hawajawahi kumwambia mgeni: nani alikufa njiani, wapi wanaficha mbegu, binti wa nani alichukuliwa na hajarudi. Alikuwa anafunga mfuko wake risasi zilipoanza, na kijiji chote kikakimbilia mashambani, msituni kidogo, naye pamoja nao. Huko Asifiwe alilia. Uji uliisha. Alilia tena. Wamama wakamwambia Furaha: munyonyeshe. Akasema maziwa yamekauka kwa woga. Wamama wakamwambia: hata yaliyokauka, mutoto anashika titi, ananyamaza. Munyonyeshe tuone.

Sisi sote watatu, na diploma zetu na penseli zetu, hatukuwa tumefikiria hilo. Tulifikiria barieri, mto, jua, kofia. Hakuna aliyefikiria kwamba mama anaweza kuombwa titi.

Furaha alimweka mtoto kifuani. Asifiwe alishika, akaachia, akapiga kelele. Mwanamke mmoja akampapasa Furaha kifua mbele ya wote, akasema: huyu hajazaa. Basi wakajua wana mwizi wa watoto katikati yao. Wengine walitaka kumwua palepale. Njo sababu ya uvimbe ule. Mama huyu mfupi, Mama Riziki, ambaye Furaha alikuwa amejaza fomu yake ya kwanza kabisa na ambaye alikuwa ananyonyesha mtoto wa mwaka mmoja, alimchukua Asifiwe akamweka upande wa pili. Aliwaambia watu wangoje. Kwa siku mbili Furaha alikaa amefungwa kamba mguuni, anasema ukweli, na hakuna anayemwamini, kwa sababu alishatia sahihi kwenye uongo. Njia ilipofunguka kidogo Mama Riziki alisema yeye mwenyewe atakuja kuona kama kuna mama. Asipomkuta, mtoto anarudi naye na Furaha anapelekwa kwa wenye bunduki.

Sasa alikuwa amesimama mbele yangu.

"Weye njo mama?"

"Ni mimi."

Nilinyoosha mikono. Hakufungua kitenge. Alivuta kigoda cha dukani akakaa, mtoto bado mgongoni, akaniashiria nikae. Kigoda kingine hakikuwepo. Nilikaa chini.

"Unaitwa nani?"

Nilimwambia.

"Mutoto iko na miezi ngapi?"

"Tisa."

"Alizaliwa wapi?"

"Kingi. Tulikuwa tumerudi mara ya pili. Maharage yalikuwa yanachanua."

Alitikisa kichwa kwamba amesikia. "Bibi yake iko wapi?"

"Alikimbia. Wote wawili."

"Ulimupa yule dada weye mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Sababu gani?"

Papa Deo aliingia kati. Alianza kueleza vizuri, kwa sauti yake ya semina, kwamba mama alikuwa mgonjwa, kwamba kazi hii ni kwa faida ya jamii yote, kwamba takwimu zitaleta msaada.

Mama Riziki alimwacha amalize. "Papa," alisema, "weye uko na maziwa?"

Papa Deo akauhamishia mfuko mkono wa pili.

"Basi ngoja." Akanigeukia. "Sababu gani?"

Nilimwambia. Nilisema zilibaki nyumba sita, na nilitaka kuwa mkubwa wa kazi, na nilijua nyinyi hamtamfukuza mwenye mtoto. Nilisema hivyo hivyo, bila kupaka mafuta. Furaha alikuwa analia polepole. Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia kisigino cha Asifiwe kinachotoka kando ya kitenge, kina vumbi jekundu la mahali ambapo sijafika.

Mama Riziki alimweka Asifiwe vizuri mgongoni. Halafu alisema, "Bo, batu betu, balisema na mama wa mutoto. Ile mambo yote balisema, balisema na mama. Hakukuwa mama. Murudishe maneno yetu."

Papa Deo alikuwa ameshika mfuko kwa mikono miwili. "Mama, hiyo haiwezekani. Hizi ni za mradi. Majina hayatatoka, tunaapa."

"Sikuuliza majina."

"Bila hizi sita, kijiji chote kinahesabiwa hakuna. Hamtapata kitu. Elewa."

"Tulikuwa hatupati," alisema Mama Riziki. Hakuwa amekasirika. Hakusema atamzuia mtoto. Ila hakufungua fundo, na mimi sikumwomba afungue, kwa sababu alikuwa na haki ya kukaa vile hadi jioni.

Nilisimama. Nilimwambia Papa Deo anipe mfuko. Alisema, "Mama Asifiwe, ukitoa hizi, umejifukuza mwenyewe. Hata cheo kile, sahau. Minakuambia kama baba."

"Njo vile," nilisema.

Hakunipa. Niliuchukua. Mtu mnene, mpole. Vidole vyake vililegea kimoja kimoja. Nilitoa fomu sita, nikazihesabu mbele ya Mama Riziki, nikamsomea jina la mwenye nyumba juu ya kila moja, naye akaitikia kila jina, "Ndiyo, huyo." Alizikunja mara mbili akaziweka kifuani, upande ambao haukuwa umelowa.

"Utazifanyia nini?" Furaha alimuuliza.

"Kila mutu atapewa yake. Akitaka kuwasha moto, awashe."

Ndipo alipofungua kitenge.

Asifiwe aliamka akaniona, akageuka akamtafuta yule mwingine. Alilia akinyoosha mikono kwake. Hilo nalo nimeliandika, mnaona. Nilikaa tena chini nikampa titi, akalikataa, nikampa la pili, akalikataa. Siku tatu za homa na za kumwaga zilikuwa zimeondoa karibu yote. Mama Riziki hakuondoka. Alikuja akachuchumaa karibu yangu, akanibana titi kwa vidole viwili kama mtu anayeijua kazi yake, tone likatoka, akalipaka mdomoni kwa mtoto. "Polepole," alisema, sijui kwangu ao kwake.

Asifiwe alishika. Mama Riziki aliweka kidole chini ya kidevu chake, kwenye koo, akangoja.

"Anameza," alisema.

Akasimama, akakunja kitenge chake, akamwambia Furaha, "Weye, siku nyingine zaa kwanza," na akaenda.

Nyuma yangu nilisikia penseli inachongwa. Papa Deo alikuwa amekaa kwenye meza ya mwenye duka, na mbele yake fomu sita tupu zimepangwa sawasawa. Aliandika jina la kijiji juu ya ya kwanza, kwa mwandiko wake mzuri.

"Furaha," aliita bila kuinua kichwa, "ile nyumba ya kwanza, batoto walikuwa wangapi?"

Furaha alinitazama. Alikuwa bado mdogo, na mkataba wake ulikuwa bado mzima, na alikuwa anakumbuka kila kitu. Alikuwa na kichwa kizuri kuliko sisi wote.

"Usimujibu," nilimwambia.

Papa Deo aliuliza tena. Mtoto alikuwa anameza, nami sikuweza kuinuka. Furaha alikaa chini kando yangu, akavua viatu vyake vya matope, akaviweka mlangoni, na hakumjibu.